Atomu Haitaki Kitu

Mwaka 1940 mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi huko Mwadui, mkoani Shinyanga. Miaka saba baadaye mgodi wake ulitoa jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54.5, ambalo alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Lilipokatwa na kung'arishwa lilibaki karati 23.6. Mbali na hapo, Mahenge wilayani Ulanga na Ruangwa mkoani Lindi, kampuni za madini zimefuata kitu cheusi, laini, kinachochafua vidole mtu akikigusa tu. Ni kinywe. Wengi walikishika mara ya kwanza kikiwa ndani ya penseli wakijifunza kuandika herufi, na siku hizi kinagombewa kwa ajili ya betri za simu na magari ya umeme.

Mkemia akiwekewa vitu hivi viwili mezani na kuulizwa vimeumbwa kwa nini, jibu ni moja: kaboni tupu, huku na kule. Mwingereza Smithson Tennant alilithibitisha mwaka 1797 kwa njia ghali kidogo. Alichoma almasi, akapima kaboni dioksaidi iliyotoka, akakuta ni ileile na kwa kiasi kilekile ambacho mkaa wa uzito huohuo ungetoa.

Basi jiwe gumu kuliko yote yachimbwayo na ujiti unaosagika kwenye daftari la mtoto vinatofautiana wapi? Kiini cha atomu ni kilekile. Elektroni ni sita kwa kila atomu, almasi na kinywe sawia. Mbili kati ya hizo zimejikunyata karibu na kiini na hazina habari na jirani yeyote. Zinabaki nne za nje, na tofauti yote kati ya Mwadui na Mahenge imo katika namna hizo nne zinavyotumika.

Ndani ya almasi kila atomu hutumia elektroni zake nne kujifunga na majirani wanne, waliokaa kwa pembe sawa pande zote, kila mmoja umbali wa nanomita 0.154. Jirani naye ana wanne wake, na wale nao wana wao, mpaka jiwe zima linakuwa molekuli moja kubwa isiyo na upande dhaifu wa kuvunjika kirahisi. Ndani ya kinywe ni tatu tu zinazofunga. Atomu hukaa bapa, katika pembesita zilizoungana mithili ya sega la asali, na elektroni ya nne huachwa izurure juu ya bapa zima. Hiyo ya nne ndiyo inayopitisha umeme, kazi ambayo almasi ya kawaida haiwezi. Bapa moja hukaa nanomita 0.335 juu ya lenzake, umbali mkubwa mno kwa kifungo cha kweli, kwa hiyo mabapa huteleza yakisukumwa. Penseli huandika kwa sababu hiyo.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba vifungo vya kinywe, vikipimwa kimoja kimoja ndani ya bapa, ni vifupi na imara kuliko vya almasi. Urefu wake ni nanomita 0.142. Kinywe ni laini kwa sababu ya nafasi iliyo kati ya bapa na bapa. Na nafasi hiyohiyo ndiyo inayowaleta wanunuzi wa betri Ruangwa: simu inapochajiwa, ioni za lithiamu hujipenyeza humo, na bapa likijaa kunakuwa na lithiamu moja kwa kila atomu sita za kaboni.

Mhadhara huu unahusu elektroni hizo za nje, ambazo wakemia huziita elektroni za valensi. Lakini unahusu pia hadithi inayosimuliwa juu yake, maana hadithi hiyo imepotosha watu wengi wenye akili zao.

Kwenye madarasa mengi mwanafunzi huambiwa kwamba atomu inatamani kuwa na elektroni nane katika tabaka lake la nje, kama neoni na argoni zilivyojaliwa. Sodiamu ina moja inayomsumbua. Klorini ina saba na pengo linamuuma. Wanakutana, mmoja anatoa kwa furaha, mwingine anapokea kwa shukrani, na chumvi ya mezani inazaliwa. Hadithi ni tamu na siku ya mtihani inakumbukwa upesi. Kasoro yake ni kwamba mtu akichukua vipimo vya maabara na kuvijumlisha, haitoki.

Kwanza, hizo tabaka zilijulikanaje, kwa kuwa hakuna aliyeziona? Dmitri Mendeleev alipopanga jedwali lake la elementi mwaka 1869 hakujua kuna kitu kinachoitwa elektroni, J. J. Thomson alikuja kuitambua mwaka 1897. Mendeleev aliona tu kwamba elementi zikipangwa kwa uzito, tabia zake hujirudia, na zilizo katika safu moja huungana na oksijeni au haidrojeni kwa uwiano unaofanana. Sababu ilikuwa bado gizani.

Ushahidi mzuri zaidi ulikuja kwa kung'oa. Chukua gramu 23 za sodiamu iliyogeuzwa mvuke. Kung'oa elektroni moja kutoka kwa kila atomu kunadai kilojuli 496 za nishati. Kung'oa ya pili kunadai 4,562, zaidi ya mara tisa. Magnesiamu, iliyo mbele yake kwa hatua moja katika jedwali, hudai 738 kwa ya kwanza na 1,451 kwa ya pili, kisha ya tatu inaruka hadi 7,733. Alumini huachia tatu kwa bei inayopanda taratibu, na ya nne inapaa hadi 11,577. Moja, mbili, tatu: mruko unahama kwa mpango uleule jedwali linavyosogea. Elektroni zilizo kabla ya mruko zinakaa mbali na kiini na zimekingwa nacho na zile za ndani. Zilizo baada ya mruko zimo ndani kabisa, na kiini kimezishika barabara.

Hizo namba zikishajulikana, hadithi ya sodiamu mwenye furaha inaanza kuyumba. Kilojuli 496 ni nyingi. Sodiamu haitoi elektroni yake kwa hiari, wala hainufaiki kwa kuipoteza. Ikiachwa peke yake katika mvuke, itaishikilia milele.

Ichukuliwe hesabu nzima, kama mwenye duka anavyofunga vitabu vyake jioni. Gramu 23 za sodiamu na gramu 35.5 za klorini hutoa gramu 58.5 za chumvi, vijiko vitatu vya mezani na ushee. Sodiamu ni metali laini. Kuitawanya iwe atomu mojamoja kunagharimu kilojuli 107. Klorini ni gesi ya atomu mbilimbili zilizoshikana. Kuzitenganisha kunagharimu 121. Kisha zile 496 za kung'oa. Matumizi yamefika 724. Sasa klorini inapokea elektroni, na kwa kupokea inarudisha nishati, ila ni kilojuli 349 tu. Kufikia hapo elektroni imeshahama, kila upande umepata ile nane yake mashuhuri, na biashara bado ina hasara ya kilojuli 375.

Hadithi ya darasani huishia hapo na kupiga makofi. Kwa kweli kama mambo yangeishia hapo, pasingekuwa na chumvi duniani.

Faida inatoka mahali ambapo hadithi haikugusa kabisa. Sodiamu iliyopoteza elektroni ina chaji chanya, klorini iliyopata ina chaji hasi, na chaji hizo huvutana. Wala hazivutani wawiliwawili. Katika fuwele ya chumvi kila ioni ya sodiamu imezungukwa na sita za klorini, na kila ya klorini imezungukwa na sita za sodiamu, juu, chini, mbele, nyuma, kushoto na kulia, hivyo hivyo mpaka ukingoni mwa punje. Mpango huo unapojijenga hutoa kilojuli 786. Ondoa hasara ya 375, zinabaki 411 za faida, na hizo ndizo mtu anazoziona kwa macho kama moto wa manjano pale sodiamu inapoungua ndani ya klorini.

Anayetafuta molekuli ya chumvi ndani ya punje, yaani sodiamu hii na klorini yake hii, hataipata. Ndoa ya wawili haipo. Kuna mkusanyiko tu, na mkusanyiko ndio uliolipa gharama zote.

Hata Uvinza, mkoani Kigoma, ambako watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, kinachofanyika jikoni ni kuondoa maji ili ioni zipate kukaribiana. Elektroni zilishahama zamani za kale kabla ya chungu cha kwanza kubandikwa.

Hesabu hiyohiyo inajibu swali ambalo hadithi hulikwepa: kwa nini sodiamu isitoe mbili? Fuwele yenye ioni za chaji mbili huvutana kwa nguvu kubwa zaidi, kwa hiyo mapato yangepanda. Yangepanda, lakini si kwa kiasi cha kulipa zile 4,562. Magnesiamu hutoa mbili kwa sababu kwake inalipa. Katika oksidi ya magnesiamu fuwele inarudisha karibu kilojuli 3,800. Valensi, ikitazamwa hivi, ni pale ambapo kung'oa elektroni moja zaidi kungekula mtaji.

Haya yote hayasaidii kitu mbele ya haidrojeni. Atomu mbili za haidrojeni zinafanana kwa kila hali. Hakuna mwenye nguvu wa kumpora mwenzake, hakuna chaji chanya wala hasi, na hata hivyo hushikana kwa nguvu inayohitaji kilojuli 436 kuivunja. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wakemia walichora mistari kati ya alama za atomu bila mmoja wao kuweza kusema mstari ule ni kitu gani.

Aliyethubutu kusema alikuwa Mmarekani Gilbert Newton Lewis. Mwaka 1902, akiwa kijana anayetafuta namna ya kuwaeleza wanafunzi jedwali la elementi, alichora atomu kama mchemraba na kuweka elektroni za nje kwenye pembe zake nane. Ile nane ya madarasani ina asili yake hapo. Michoro hiyo ilikaa miaka 14. Mwaka 1916, akiwa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, alichapisha makala yake maarufu, na ndani yake akapendekeza kwamba mstari wa wakemia ni elektroni mbili ambazo atomu mbili zinazimiliki kwa pamoja. Vitone viwili kati ya alama mbili: mwanafunzi yeyote wa sekondari amevichora.

Wazo lilikuwa geni. Fizikia ya wakati huo ilisema elektroni mbili husukumana, sasa Lewis anazikalisha pamoja na kudai ndizo zinazofunga! Hakuwa na jibu. Lilikuja mwaka 1927, Walter Heitler na Fritz London walipotumia hesabu mpya za kwanta kwa molekuli ya haidrojeni na kuonyesha kwamba elektroni, zikiwa na tabia za wimbi, hujaa zaidi katikati ya viini viwili. Vyote viwili huvutwa na kile kilicho katikati, na jumla ya nishati hushuka. Mtu mwingine, Irving Langmuir, alilieneza wazo la Lewis kwa mihadhara ya kusisimua kiasi kwamba kwa muda watu walilitaja kwa majina yote mawili, na Lewis hakufurahia. Langmuir alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1932 kwa kazi nyingine. Lewis alipendekezwa mara nyingi, hakuipata, na alifariki ndani ya maabara yake mwaka 1946.

Vitone vya Lewis vina manufaa makubwa na yeyote anayevidharau ajaribu kufundisha kemia bila hivyo. Lakini havisemi kweli daima, na mfano wa karibu kabisa ni hewa anayoivuta kila mtu sasa hivi. Kwa vitone, oksijeni ni atomu mbili zenye jozi mbili za elektroni katikati, na kila elektroni ina mwenzake. Kitu ambacho elektroni zake zote zina wenzake hakivutwi na sumaku. Sasa mtu apooze oksijeni mpaka nyuzi 183 chini ya sifuri, iwe kimiminika cha samawati hafifu, aimimine kati ya ncha mbili za sumaku kali. Inanasa pale, inaning'inia hewani mpaka ichemke iishe. Elektroni mbili za oksijeni hazina wenza. Vitone havikuwahi kuliona hilo, na zilihitajika hesabu za kwanta kulieleza.

Kisha kuna wale waliojaliwa nane tangu mwanzo. Kwa miongo mingi vitabu viliandika kwamba neoni, argoni, zenoni na wenzao haziungani na chochote, kwa kuwa hazihitaji chochote. Mwaka 1962 Neil Bartlett, akiwa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, alikuwa na gesi kali ya platini na florini ambayo tayari ilikuwa imemwonyesha maajabu: iling'oa elektroni kutoka kwa molekuli ya oksijeni. Kung'oa elektroni ya oksijeni kunadai karibu kilojuli 1,175. Akatazama orodha ya vipimo, akaona zenoni inadai 1,170. Kama gharama ni ileile, kwa nini isijaribiwe? Akaziachia gesi mbili zikutane, na papo hapo ikajitokeza unga wa manjano kuelekea chungwa. Zenoni ilikuwa imeungana. Tangu hapo kampaundi nyingi za zenoni zimetengenezwa, na kilichoivunja itikadi ya zamani ni kulinganisha namba mbili zilizokuwa zimechapishwa na zinazosomwa na kila mtu.

Inafaa sasa kuingia kwa florini, kwa kuwa yeye ndiye huitwa mchoyo wa wachoyo. Ana elektroni saba za nje. Katika kipimo alichokitunga Linus Pauling mwaka 1932 kuonyesha ni atomu ipi huvuta zaidi elektroni za kifungo, florini yuko juu ya wote. Huunguza maji, huwasha matofali, na wakemia kadhaa wa karne ya 19 waliumia au kufa wakijaribu kumtenga. Miongoni mwao Paulin Louyet wa Ubelgiji na Jérôme Nicklès wa Ufaransa. Henri Moissan alifaulu tarehe 26 Juni 1886 jijini Paris kwa kupitisha umeme katika floraidi ya haidrojeni iliyopozwa, ndani ya chombo cha platini. Hapakuwa na kemikali yoyote ya kuipokonya floraidi elektroni yake, ndiyo maana akalazimika kutumia umeme.

Kwa hadithi ya uchoyo, florini ingepaswa kurudisha nishati nyingi kuliko zote anapopokea elektroni. Hapana. Hurudisha kilojuli 328, wakati klorini hurudisha 349. Atomu ya florini ni ndogo mno, na elektroni mgeni hubanwa na saba zilizotangulia. Ukali wake unatoka kwingine. Florini mbili zimeshikana kwa kifungo dhaifu, kilojuli 158 dhidi ya 242 za klorini mbili, kwa hiyo kuzitenganisha ni rahisi. Halafu ule udogo uliokuwa kasoro hugeuka faida: ioni yake hukaribiana sana na jirani, na fuwele ya floraidi ya sodiamu hurudisha zaidi ya kilojuli 900. Hasara ndogo mwanzoni, mapato makubwa mwishoni.

Wakazi wa miteremko ya Mlima Meru wanamjua florini kwa sura nyingine. Meno ya kahawia, yenye madoa na vishimo, ni jambo la kawaida katika vijiji vingi vya Arusha, kama ilivyo Nakuru nchini Kenya na sehemu nyingine za Bonde la Ufa mpaka Ethiopia. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu mpaka 4, kwa sababu ya dhiki ya maji. Mto Maji ya Chai hupita kiwango hicho, na Maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Arusha, yamepimwa na kukutwa na mamia ya miligramu.

Floraidi iliyo ndani ya maji haina ukali wa florini hata chembe. Imeshapata elektroni yake, imetulia. Swali ni kwa nini imejaa Meru na si kila mahali, na jibu linarudi kwenye elektroni za nje. Kalsiamu ina mbili. Ikizipoteza inabaki na chaji mbili, na fuwele yake na floraidi hushikana vikali kiasi kwamba lita moja ya maji huyeyusha miligramu 16 hivi tu. Floraidi ya sodiamu, yenye ioni ya chaji moja, huyeyuka karibu gramu 40 kwa lita, mara 2,500 zaidi. Panapo kalsiamu ya kutosha majini, floraidi hunaswa na kubaki mwambani. Miamba ya volkano za ukanda huo imejaa sodiamu na ina uchache wa kalsiamu inayofika majini. Ol Doinyo Lengai, upande wa kaskazini-magharibi, ndiyo volkano hai pekee duniani inayotapika lava ya kabonati ya sodiamu.

Sodiamu hiyohiyo inaingia jikoni kwa njia ya magadi. Mpishi wa makande au kiburu hutia magadi ili maharage yaive upesi, na yanaiva kweli. Ukuta wa punje ya haragwe umeunganishwa kwa pektini, na ioni ya kalsiamu, kwa chaji zake mbili, hushika minyororo miwili ya pektini kwa wakati mmoja. Magadi huinyofoa kalsiamu hiyo, na sodiamu inayoingia badala yake ina chaji moja. Haiwezi kushika huku na huku. Minyororo inaachana, haragwe linalainika. Lakini magadi ya maeneo hayo huja na floraidi. Miaka ya 1990 watafiti wa afya ya meno nchini Tanzania walieleza kwa nini watoto wa vijiji ambavyo maji yake hayakuwa na floraidi nyingi walikuwa na meno yenye madoa: yalitoka kwenye sufuria. Familia inaweza kuchota maji salama kabisa na bado ikamlisha mtoto floraidi kwa kijiko.

Jino linaathirikaje? Madini ya jino na mfupa ni kalsiamu, fosfeti, na ioni ndogo ya oksijeni na haidrojeni inayoitwa haidroksidi. Hesabu elektroni za haidroksidi: oksijeni ina nane, haidrojeni moja, na ya ziada moja, jumla kumi. Florini ina tisa; ikipokea moja inakuwa na kumi. Chaji ni hasi moja kwa zote mbili, na ukubwa unakaribiana sana, floraidi ikiwa ndogo kidogo. Fuwele ya jino haina namna ya kumkataa mgeni anayetosha katika nafasi ileile na kukaa vizuri zaidi ya mwenyeji. Floraidi kidogo huufanya ugamba wa jino usiyeyushwe kirahisi na asidi za bakteria, ndiyo sababu imo kwenye dawa za meno. Ikizidi wakati jino bado linaumbwa ndani ya ufizi, yaani utotoni, ugamba hujengeka ovyo, ukiwa na matundu yanayonywa rangi. Kwa waliokunywa maji yenye floraidi nyingi sana kwa miaka mingi, hata mifupa hukakamaa na kupinda.

Katika kutafuta dawa, shabu imejaribiwa pamoja na chokaa, kwa mbinu iliyotoka India. Alumini ya shabu imepoteza elektroni zake tatu za nje, ina chaji tatu, na huikusanya floraidi kwenye utando unaotuama chini ya ndoo. Inafanya kazi, ila inadai kipimo sahihi kila siku na huacha tope la kutupa.

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Usa River, kilielekeza nguvu kwenye mifupa ya ng'ombe, na Dayosisi Katoliki ya Nakuru ikafanya vivyo hivyo upande wa Kenya. Mifupa hukusanywa machinjioni na kuchomwa kwa hewa kidogo, kwa nyuzi 400 hadi 500 hivi, mpaka inakuwa myeusi. Baadaye husagwa punje ndogondogo na kujazwa kwenye ndoo ya kuchujia. Maji yanapopita, floraidi huingia mahali pa haidroksidi ndani ya madini ya mfupa, badiliko lilelile linalofanyika kwenye jino la mtoto, sasa likifanyika ndani ya ndoo kabla mtoto hajanywa. Moto ukiwa mdogo, mabaki ya nyama na mafuta hayaishi, na maji hutoka na harufu na ladha ambayo hakuna atakayeivumilia. Ukiwa mkali kupita kiasi, fuwele hujifunga na uwezo wa kunasa floraidi hupungua sana. Uchomaji ndio unaoamua kama chujio litafaa.

Punje zikishajaa floraidi, kuna njia ya kuzirudishia uwezo: hupitishiwa magadi makali ya viwandani, haidroksidi ya sodiamu. Haidroksidi zikiwa nyingi mno kuzunguka punje, huisukuma floraidi nje na kuchukua nafasi zake za zamani. Punje huoshwa vizuri na kurudishwa kazini. Yanabaki maji machafu yaliyobeba floraidi yote ya miezi iliyopita, na hayawezi kumwagwa mtoni. Huongezewa chokaa, kalsiamu yake hukutana na floraidi, na unga mweupe usioyeyuka unatuama chini ya pipa.